Kabla ya kwenda yadi kutazama gari la umeme, kagueni nyaya za nyumba zenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wakazi wenzangu wa Dar es Salaam kuhusu haya magari ya umeme. Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kazi hii niliisomea VETA Chang'ombe na ndiyo iliyonilelea wanangu, nikizunguka zaidi Tabata, Segerea, Kinyerezi na Ukonga. Zamani mtu alinipigia simu kwa sababu ya feni, hita ya maji au soketi iliyokufa. Siku hizi nasikia, "Mama fundi, nimenunua gari la umeme, njoo uniwekee pa kuchajia." Gari limeshalipiwa, limeshasajiliwa, limeshaegeshwa uani. Mimi naitwa wa mwisho. Nawaomba watu waniite wa kwanza, au wamwite fundi mwingine yeyote mwenye leseni ya EWURA, kabla hawajakwenda yadi.

Sababu yake ni hii. Ukinunua gari la petroli, kujaza tangi ni kazi ya mwenye sheli. Ukinunua la umeme, sheli ni ukuta wa nyumba yako, kwa sababu vituo vya kuchajia barabarani hapa kwetu bado ni vya kutafuta kwa tochi. Umeme ambao ukuta huo unaweza kutoa kwa usiku mmoja bila kuungua ndio utakaokuambia utembee kilomita ngapi kesho yake. Kilomita hizo ndizo zitakazokuambia ununue betri ya ukubwa gani, na betri ndiyo bei ya gari. Watu wengi wanaanzia kwenye rangi na mwaka wa gari, halafu wanarudi nyuma mpaka ukutani wakati fedha zimeshaisha.

Nimwelezee mzee mmoja mstaafu wa Kinyerezi, sitamtaja. Alinipigia akasema gari lake linachaji kidogo linaacha, na sebuleni kuna harufu. Nilikuta ekstensheni imetoka kwenye soketi ya nyuma ya televisheni, imepita dirishani, imelala juu ya zege la uani mpaka kwenye pua ya gari. Soketi ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja, na plagi imeyeyuka ikashikana nayo, ikanibidi nizime meni swichi niing'oe kwa koleo. Nilipofungua nikakuta waya wa milimita 1.5, ule tunaovuta kwenye taa, na skrubu ya nyutro imelegea inacheza. Nikatoka nje kutafuta ethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Fimbo ya shaba hakuna. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya boksi la mita. Mzee alikuwa analala na wajukuu ndani ya nyumba hiyo kila usiku gari likichaji. Nilitetemeka, na mimi si mtu wa kutetemeka mbele ya waya.

Watu huniambia, mbona pasi na jagi la umeme vinavuta umeme mwingi na soketi haiungui? Pasi inavuta kwa dakika chache, inapata moto, inakata, inapumzika. Jagi likichemka linazima. Gari linavuta ampea 10 au zaidi mfululizo, saa nane, saa kumi, bila kupumzisha waya hata dakika moja, na hilo ni kila siku. Kila kilicholegea kinapata moto, na moto unakilegeza zaidi. Kwa hiyo gari navutia waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, wa milimita 4, au 6 kama maegesho yako mbali na nyumba. Naupa breka yake, na breka nyingine ya kukata umeme ukivuja, maana mtu atashika hiyo plagi asubuhi ya mvua akiwa na viatu vilivyolowa. Halafu napima ethi kwa kifaa. Fundi anayekuambia ethi iko sawa kwa kuiangalia tu, mlipe nauli arudi kwake.

Kuna jambo lingine la plagi ambalo halisemwi yadini. Magari mengi haya yametumika Japani, na kule umeme wa majumbani ni voti 100, wa kuchajia magari ni 200. Wetu ni 230. Kile kisanduku chenye kebo kinachokuja ndani ya buti kina kibandiko mgongoni kinachosema kinakubali voti ngapi. Kisome, au mpe fundi akusomee. Kama kimeandikwa 100 au 200 tu, usikichomeke hapa kwa kukitafutia adapta Kariakoo. Nunua kingine cha voti 230 chenye plagi ya pini tatu kama za kwetu, na bei yake uiweke kwenye hesabu ya gari tangu mwanzo.

Sasa hesabu. Laini ya ampea 10 kwa voti 230 inatoa kilowati 2.3. Chomeka saa nne usiku, chomoa saa kumi na mbili asubuhi, mita itakuwa imekata kama uniti 18. Nyingine zinapotea njiani kwa joto, ndani ya betri zitaingia 15 au 16. Gari dogo kama Nissan Leaf hapa mjini, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, linakwenda kilomita sita hivi kwa uniti moja. Hapo una kilomita 90. Kutoka kwangu Segerea mpaka Posta na kurudi hazifiki 40. Kwa hiyo laini ya kawaida iliyovutwa vizuri inawatosha watu wengi wa mji huu, na nawaonea huruma wanaouziwa chaja kubwa ya ukutani ya kilowati 7 wakati Leaf nyingi za mwanzo zenyewe zinapokea kilowati 3 hivi na kuishia hapo. Chaja kubwa haiwezi kulilazimisha gari kula zaidi ya linavyoweza kumeza.

Kwenye pesa faida ipo, na sitaki kumkatisha mtu tamaa. Kwa tarifa ya kawaida ya nyumbani uniti moja pamoja na kodi inakaribia shilingi 350. Ukitembea kilomita 60 kwa siku utahitaji kama uniti 12 ukutani, yaani shilingi 4,200. Toyota IST kwenye foleni zetu ikikupa kilomita 12 kwa lita, inataka lita 5. Weka lita kwa shilingi 3,000, ingawa EWURA hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, unapata 15,000. Na ile saa nzima unayokaa Buguruni au Barabara ya Mandela hujasogea, gari la umeme halichomi kitu isipokuwa kiyoyozi. Kwa mji wa foleni hili ni jambo kubwa.

Lakini angalia upo tarifa gani. Nyumba zinazotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi zina bei ya chini sana. Gari la uniti 12 kwa siku litakula kama 360 kwa mwezi peke yake. Siku hiyo umetoka kwenye tarifa ndogo, na friji, taa na televisheni zako zote zinahamia bei kubwa pamoja na gari. Gharama hiyo ni ya gari, ihesabu huko.

Mpangaji naye nimuombe asikilize sana. Nyumba nyingi Tabata, Sinza, Manzese na Mbagala ni mita moja ya LUKU, wapangaji wanne au watano, kila mmoja anachangia sawa. Nimeitwa kwenye nyumba moja ya hivyo kijana alipoleta bajaji ya umeme. Wenzake walikuwa wanachanga kama kawaida, LUKU inaisha kabla ya nusu ya mwezi, kila mtu anamshuku mwenzake kuwa na jiko la koili chumbani. Walikuwa wamefikia kutosalimiana. Niliwafungia mita ndogo ya kusoma laini ya bajaji peke yake, ikawaonyesha kila kitu, yule kijana akaanza kulipa chake na amani ikarudi. Mita ndogo si ghali. Lakini zungumza na mama mwenye nyumba kabla ya kununua, na apate fundi wa kuangalia kama nyaya zake zinabeba. Anayekaa ghorofa ya tatu Upanga au Kariakoo, na gari linalala barabarani, huyo namwambia wazi asubiri. Kebo ya kuning'inia kutoka barazani mpaka mtaani sitaifunga kwa pesa yoyote.

Na umeme wenyewe? Bwawa la Nyerere kule Rufiji, lililoanza kutoa umeme Februari 2024, lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, na kila aliyeishi Dar wakati wa mgao anajua maana yake. Ila transfoma ya mtaani kwako inaweza kuwa ileile iliyofungwa nyumba zikiwa chache. Saa mbili usiku, wakati kila mtu ana feni, jiko na pasi, voti zinashuka. Chaja nyingi zikiona umeme mdogo zinaacha. Kama kwako ni hivyo, chaji baada ya saa sita usiku, na usilale LUKU ikisoma uniti tano, maana itakata alfajiri na utaamkia gari tupu. Kuhusu kuchaji kwa jenereta, ukifanya mara moja kwa dharura sawa. Ukifanya kila wiki, umerudi kwenye petroli kwa njia ndefu na ya gharama zaidi.

Ukishaujua ukuta wako, sasa nenda yadi, na huko uangalie betri kabla ya kitu kingine. Dada mmoja wa Sinza alifanya kama ninavyoomba. Alinipigia kwanza, tukakagua nyumba yake, tukapata kwamba kwa siku anahitaji kilomita 60 kwa kazi yake ya Kigamboni na kupeleka watoto shule. Tukaenda pamoja. Muuzaji alimwonyesha Leaf nyeupe ya betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24, na kumwambia inakwenda kilomita 200. Namba hiyo haikutoka hewani. Leaf ilipotoka Desemba 2010, kipimo cha Japani kiliipa kilomita 200, na toleo lililofuata kikalipa 228. Wamarekani walipoipima kwa mwendo wao wakapata kama 120. Betri ya 30 Japani ilipewa 280, Wamarekani wakapata karibu 170. Ile ya 40 Japani ilipewa 400, wao wakapata kama 243. Mimi naamini zaidi namba za Wamarekani, na hizo nazo ni za betri mpya.

Gari lile halikuwa jipya. Pembeni ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijisanduku 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza kinapozimika, betri imeshapoteza karibu asilimia 15. Lile lilikuwa na vijisanduku 8. Nilichomeka kile kidude cha kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani, nikafungua programu ya Leaf Spy kwenye simu, ikatuonyesha afya ya betri ni asilimia 63. Nilimpigia dada hesabu palepale juu ya boneti: 24 mara 63 gawa kwa 100 ni 15, ondoa kidogo ambacho gari halikuruhusu ukifikie, zidisha mara sita. Kilomita 80 na ushee mpaka gari linazimika barabarani, na hakuna mtu anayeendesha mpaka lizimike. Leo zinamtosha. Lakini betri inapungua tu, na baada ya miaka michache angekuwa anasukumwa Daraja la Kigamboni. Hakulichukua. Baadaye alipata la betri ya 30 lenye asilimia 83, ghali zaidi, na mpaka sasa analifurahia.

Vijisanduku navyo vinadanganywa. Kuna watu wanaiambia kompyuta ya gari isahau historia yake, vijisanduku 12 vinawaka vyote, na baada ya muda vinaanza kuzimika kimoja kimoja ukiwa umeshalipa. Dawa yake ni kuomba gari lijazwe chaji, uliendeshe kilomita 20 kiyoyozi kikiwaka, utazame asilimia ngapi zimeondoka. Muuzaji anayekataa kukupa kilomita 20 amekujibu.

Joto ni adui wa betri hizi, na Leaf hizi za mitumba hazina kipoza-maji cha betri kama magari mengine. Gari lililokaa Hokkaido na gari lililokaa Okinawa, hata kama mwaka wao ni mmoja, betri zao zinaweza kuwa tofauti. Hapa kwetu Januari mpaka Machi jua linajulikana. Egesha kivulini, usiliache limejaa asilimia 100 juani siku nzima, na kwa matumizi ya kila siku chaji mpaka 80 tu.

Kodi nitaipita haraka maana TRA wana kikokotoo chao mtandaoni. Kumbuka tu kwamba gari lililozidi miaka minane lina ushuru wa uchakavu, na Leaf za mwanzo zote zimeshapita hapo. Rahisi ya Japani si rahisi ya bandarini.

Betri iko chini ya sakafu ya gari, karibu na barabara. Kabla ya kununua inama, au lipandishe juu gereji, tazama kama kasha lake limepigwa au lina kutu. Kwa wenzangu wa Goba, Kinyerezi na Chanika wenye barabara za vumbi na matuta ya kujitengenezea, pimeni kimo cha gari na matuta yenu. Na masika yakija, mkiona maji yamekatiza Jangwani, msiingie. Kasha limezibwa dhidi ya maji, lakini gari lililokwaruzwa chini mara nyingi hakuna ajuaye limezibika kiasi gani.

Halafu jiulize unaitwa wapi. Sisi ni watu wa misiba na harusi. Simu inaingia usiku kwamba mjomba amefariki Tanga, na asubuhi unatakiwa uwe njiani. Morogoro ni karibu kilomita 190, Bagamoyo kwenda na kurudi ni kama 130. Gari dogo la betri iliyochoka halifiki. Kwa Morogoro na Dodoma treni ya SGR imetusaidia sana tangu 2024, na wateja wangu wengi wenye magari ya umeme wanaliacha gari nyumbani na kupanda treni. Kwa Tanga, Lindi au Mbeya panga basi au gari la ndugu. Kama kazi yako ni ya mikoani kila wiki, baki na ulichonacho kwanza.

Mafundi wenzangu wa gereji niwaombe jambo. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa ndani ya gari hili zina voti 360 na zaidi za umeme wa DC, ule wa betri. Ule unaua. Msizikate, msizipime kwa taa ya majaribio. Vijana waliozoea betri ya voti 12 wasiachiwe peke yao na gari hili. VETA waongeze mafunzo hayo haraka, wanafunzi wako tayari. Na wewe mnunuzi, ujue gari hili lina betri ndogo ya voti 12 vilevile, na ikifa hiyo, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Usimruhusu mtu afungue kubwa kabla ya kupima ndogo.

Kwa wenye yadi ombi langu ni moja: bandikeni afya ya betri kwenye kioo, pembeni ya bei. Mnaandika mwaka, rangi na kilomita, andikeni na hiyo. TBS nao wangeiweka kwenye ukaguzi wao, mnunuzi wa Mbagala asiyenifahamu mimi wala programu ya simu angelindwa kama yule dada wa Sinza.

Na yeyote anayejenga sasa hivi, hata kama hana mpango wa gari la umeme, amwambie fundi wake kabla ya plasta alaze bomba moja tupu kutoka kwenye boksi la breka mpaka maegesho, lenye nafasi ya waya wa milimita 6. Bomba na jasho la siku moja ni pesa ndogo. Kulipasua ukuta uliokwisha kupakwa rangi na kuwekwa marumaru ni kazi ninayolipwa vizuri, na ningependa wateja wangu wasiihitaji.

Fundi umeme wa majumbani,
Tabata Segerea,
Dar es Salaam